Jasho Si Cheti

Ndugu msomaji, kuna swali ambalo tumelijadili chamani muhula mzima bila kulimaliza, nami nimeona heri niliendeleze hapa gazetini, mahali ambapo hakuna wa kunikata kauli. Swali lenyewe ni hili: ni nani anayestahili kuuamrisha mwili wa mtu mwingine ukimbie, uruke, uchuchumae na kuinua vyuma? Je, ni yeyote mwenye misuli na filimbi, au ni mtu aliyeisomea kazi hiyo na kupimwa? Na je, zoezi kali la kumwacha mtu akitapika kando ya uwanja ndilo zoezi zuri?

Jibu langu nalitoa mapema ili asiyekubaliana nami aanze kunoa kalamu. Nasema hivi: mkufunzi hapimwi kwa idadi ya watu waliolala chini wakihema, bali kwa idadi ya wale wanaorudi wiki inayofuata wakiwa na nguvu kuliko walivyokuwa. Na anayetaka kazi hiyo, iwe jimu au iwe shuleni, sharti kwanza aonyeshe kwamba anajua wakati wa kusema "basi, inatosha". Asiyejua hilo, filimbi na ikae mfukoni.

Hebu tutazame mambo yalivyo hapa kwetu. Mtaani mwetu pana jimu tatu. Katika mojawapo, nondo ni ekseli kuukuu za gari na uzani ni saruji iliyomiminwa kwenye mikebe ya rangi. Siidharau hata kidogo. Vijana wengi wameacha vijiwe vya miraa kwa sababu yake, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mwenye jimu ndiye mkufunzi, na sifa yake kubwa ni kifua chake. Hakuna aliyewahi kumwuliza alisomea wapi. Ukimwuliza atakunja mkono akuonyeshe msuli, eti hicho ndicho cheti!

Sasa linganisha na watu wengine. Mama anayetupikia githeri hapa shuleni sharti awe na cheti cha afya, tena kipya, la sivyo maafisa wa afya wakija atajuta. Dereva wa matatu hawezi kubeba abiria bila leseni ya kazi hiyo. Mwalimu hafundishi mpaka asajiliwe na T.S.C. Muuguzi naye ana baraza lake. Lakini huyu anayeshughulika na mioyo yetu, migongo yetu na magoti yetu, kibali anachoonyesha ukutani ni kile kile cha biashara ambacho kaunti humpa mwenye duka la mitumba. Jamani, hata mitumba ikiharibika hununuliwa mingine. Goti je?

Shuleni nako mambo ni yale yale, ila filimbi ina wenyewe wengi. Kuna mwalimu wa michezo, ambaye aghalabu ni mwalimu wa Jiografia au Kemia aliyepewa kazi hiyo kwa kuwa ni kijana. Kuna nahodha wa timu. Kuna mwanafunzi wa zamani anayekuja kusaidia msimu wa mashindano. Halafu yupo kiranja wa zamu, ambaye hafundishi mchezo wowote lakini ana mamlaka ya kumwambia mtu aruke kichura kutoka lango hili hadi lile. Wote hawa wana nia njema, au tuseme wengi wao. Lakini nia njema haimfundishi mtu jinsi mwili unavyofanya kazi.

Mwili unafanyaje kazi basi? Nitaeleza kwa kifupi jinsi nilivyoelewa. Ukifanya zoezi ambalo misuli yako haijalizoea, nyuzi za misuli hupata majeraha madogo madogo. Ndiyo maana uchungu huja kesho yake na kuzidi hata siku ya pili au ya tatu. Ukila vizuri, ukanywa maji na kulala, mwili hutengeneza nyuzi zile na kuziimarisha, ili siku nyingine mzigo kama ule usiusumbue. Kwa hivyo, msomaji, nguvu hazijengwi pale uwanjani peke yake. Uwanjani unaagiza vifaa tu. Mafundi huja usiku ukiwa umelala. Mkufunzi anayekuchapa mbio Jumatatu, Jumanne na Jumatano bila kupumzika ni kama mtu anayebomoa nyumba kila asubuhi kabla fundi hajaweka tofali la pili. Haba na haba hujaza kibaba, na mazoezi nayo yako hivyo: unaongeza kidogo, unapumzika, unaongeza tena.

Zoezi likipita kiasi kwa ghafla, jambo jingine hutokea. Badala ya majeraha madogo, misuli hupasuka kwa wingi na vilivyomo ndani yake humwagika katika damu. Kimojawapo huitwa mayoglobini, na figo hupata taabu kubwa kukichuja. Mkojo hubadilika ukawa mweusi kama chai ya rangi. Asipotibiwa upesi, mtu anaweza kupoteza figo zake au uhai wake. Madaktari huuita ugonjwa huo rabdomayolisisi. Jina ni refu lakini asili yake inaeleweka. Mwaka 1941, wakati London ilipokuwa ikipigwa mabomu katika vita vikuu vya pili, madaktari wawili, Bywaters na Beall, waliandika habari za watu waliofukuliwa chini ya vifusi. Walitolewa wakiwa hai, kisha figo zao zikaacha kufanya kazi kwa sababu misuli yao ilikuwa imepondwa. Fikiria hilo. Kilichowapata watu walioangukiwa na nyumba kinaweza kumpata mwanafunzi uwanjani kwa kuchuchumaa na kusimama tu!

Nahisi kuna mtu anayesema moyoni kwamba natia chumvi. Sitii. Mwanzoni mwa mwaka mmoja, tuliporudi kutoka likizo ndefu ya Desemba, vijana wa timu yetu moja walipokelewa na zoezi ambalo waliambiwa ni la "kutoa chapati za Krismasi". Waliruka kichura, wakapiga presapu, kisha wakachuchumaa na kusimama mara mia tatu. Aliyesimama kabla ya wenzake alianzishwa upya. Siku ya pili mwenzetu mmoja hakuweza kuketi wala kushuka ngazi za maabara, nasi tukamcheka. Siku ya tatu aliona mkojo wake ni mweusi akanyamaza, maana alishaambiwa kwamba mwanamume hafi kwa mazoezi. Mama yake ndiye aliyegundua akampeleka zahanati. Tabibu alimwuliza swali moja tu, "Ulikuwa ukifanya nini?" kisha akaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Alitundikiwa dripu siku tano. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini nyumbani kwao walikwisha uza mbuzi wawili. Aliyeongoza zoezi lile hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu. Na kutojua kwake kuligharimu mbuzi wawili, karibu kugharimu figo mbili.

Kama unadhani hayo hutokea kwetu tu kwa sababu ya uchache wa vifaa, njoo twende Marekani. Januari mwaka 2011, wachezaji wa kandanda ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Iowa walirudi kutoka likizo. Walipewa zoezi la kuchuchumaa mara 100 wakiwa wamebeba chuma mabegani, nusu ya uzito mkubwa kabisa ambao kila mmoja angeweza kuinua, huku saa ikihesabu. Siku chache baadaye 13 kati yao walikuwa wamelazwa hospitalini kwa ugonjwa ule ule wa rabdomayolisisi. Hawa si watoto wa uji wa asubuhi. Ni majitu yaliyolishwa yakashiba, yenye madaktari wao wenyewe. Kamati iliyochunguza ilisema wachezaji hawakuwa na kosa; zoezi lenyewe ndilo lililokuwa chanzo, na ikashauri lisirudiwe.

Mambo yalikuwa mabaya zaidi katika Chuo Kikuu cha Maryland. Tarehe 29 Mei mwaka 2018, kijana wa miaka 19 aitwaye Jordan McNair alikuwa akikimbia mbio fupi za kurudiarudia pamoja na wenzake. Joto la mwili wake lilipanda kupita kiasi. Dawa ya kwanza ya hali hiyo inajulikana: mgonjwa hutumbukizwa katika maji baridi hapo hapo, kabla ya safari ya hospitali. Waliokuwapo hawakumpima joto la mwili wala hawakumtia katika maji hayo. Alifariki tarehe 13 Juni. Mnamo Agosti mkuu wa chuo alisimama mbele ya watu akakubali kwamba chuo kilibeba lawama ya kisheria na ya kimaadili. Maneno ya heshima hayo, lakini mwana aliyekwenda harudi kwa hotuba. Angalia vizuri kilichokosekana pale: si fedha, si mashine. Ni beseni kubwa la maji ya barafu na mtu mwenye ujuzi wa kulitumia.

Kisa cha tatu kinatuhusu sisi zaidi, hasa wenzangu wenye asili ya maeneo ya ziwa Viktoria, magharibi mwa nchi na Pwani. Mwaka 2006, kijana mwingine wa miaka 19, Dale Lloyd wa Chuo Kikuu cha Rice katika jimbo la Texas, alianguka baada ya kukimbia yadi 100 mara 16. Alifariki siku iliyofuata. Ilibainika kwamba alikuwa amerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Mtu wa namna hiyo si mgonjwa. Anaishi, anasoma, anacheza, pengine hajui kabisa kwamba anayo. Lakini akisukumwa kupita kiasi bila kupumzika, hasa kwenye joto, seli zake za damu zinaweza kubadilika umbo na kuziba mishipa. Baada ya kifo hicho wazazi wa Dale walikwenda mahakamani, na kuanzia mwaka 2010 chama cha michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani, N.C.A.A., kiliwataka wachezaji wa ngazi ya juu wapimwe. Sasa tukirudi nyumbani, chembe hiyo ya urithi imeenea sana katika maeneo niliyoyataja kwa sababu ndiko malaria ilikokaa tangu zamani. Ni wakufunzi wangapi hapa petu wanaouliza kabla ya kupuliza filimbi? Kamba hukatikia pabovu, na pabovu hapaonekani kwa macho.

Tena sisi ni shule ya kutwa, na hapa naomba walimu wetu wapendwa wanisikilize kwa makini. Wenzetu wa bweni huamka wakapiga kengele ya uji. Sisi wengine hutoka nyumbani alfajiri, tukatembea mwendo wa saa nzima, wengine kwa chai kavu na wengine bila chochote. Ifikapo saa kumi alasiri, wakati wa michezo, githeri ya saa saba imekwisha maliza kazi yake, na mfereji wa maji ulio karibu na uwanja una mazoea ya kukauka. Kisha mwanafunzi akichelewa asubuhi, anaamriwa kuzunguka uwanja raundi kumi. Hebu lifikirieni jambo hili. Kosa lake ni kwamba amekimbia njia nzima lakini hakufika kwa wakati. Adhabu yake ni kukimbia tena! Akiingia darasani amelowa jasho na njaa imempiga, somo la Hesabu atalisikia na masikio ya nani?

Kuhusu adhabu, sheria imesema, nasi hatuna budi kuikumbusha kwa adabu. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya mateso na adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inamlinda mwanafunzi dhidi ya mambo hayo hayo, yawe ya mwili au ya akili. Sasa mtu akikuweka juani uruke kichura mpaka uanguke, je, tofauti na kiboko iko wapi? Ni kwamba kiboko huacha alama na kichura hakiachi. Na kuna hasara nyingine. Mtoto aliyezoea kukimbia kama adhabu hukua akijua kwamba kukimbia ni mateso. Siku akimaliza shule hatakimbia tena ila akifukuzwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Sisi vipindi vya P.E. viko kwenye ratiba lakini mara nyingi huliwa na Hesabu na Fizikia, kisha zoezi tunaloletewa ni lile la kutukomesha. Ni sawa na kumnyima mtu chakula halafu ukampiga kwa mwiko.

Najua upande wa pili una hoja, na mgala muue na haki umpe. Katika mdahalo wetu ndugu mmoja alisimama akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kenya haikupata sifa ya riadha kwa kubembelezwa." Makofi yakapigwa mpaka dirisha likatikisika. Nami nakubali sehemu moja ya hoja hiyo. Zoezi jepesi siku zote halimpeleki mtu mbali. Moyo hauimarishwi kwa kukaa, na kila bingwa ana siku zake za kuumia. Sisemi watu wacheze kama bibi harusi.

Lakini hebu tuwatazame hao mabingwa wenyewe. Eliud Kipchoge alikimbia marathoni huko Vienna tarehe 12 Oktoba mwaka 2019 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, jambo ambalo halikuwa limefanywa na binadamu yeyote. Je, alifika huko kwa kuzimia kila jioni? La hasha! Kipchoge amewahi kueleza kwamba mazoezini hajisukumi kwa nguvu zote. Siku ngumu ziko chache kwa wiki, na zilizobaki ni za mwendo wa taratibu. Mazoezi yake huyaandika daftarini mwaka baada ya mwaka. Nyuma yake alikuwa na Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3000 huko Barcelona mwaka 1992, mtu aliyekimbia na pia kusoma hadi chuo kikuu. Kwa hiyo wale wanaotumia jina la Kipchoge kutetea kichura mia tatu wamesoma ukurasa wa mwisho wa kitabu wakaacha kurasa zote za katikati.

Kuna hoja nyingine ngumu zaidi, nayo ilinikosesha usingizi. Je, Bruda Colm O'Connell? Alikuja kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha Jiografia katika shule ya St. Patrick's, Iten, bila mafunzo yoyote ya riadha. Mikononi mwake akapita Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1500 huko Seoul mwaka 1988, kisha David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012. Cheti kiko wapi hapo? Na kwa upande mwingine, kuna vyeti ambavyo havitoshi. Kampuni ya CrossFit, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, hutoa cheti cha ngazi ya kwanza cha ukufunzi kwa kozi ya siku mbili na mtihani. Siku mbili, msomaji! Kampuni hiyo hiyo iliwahi kuwa na katuni ya mzaha ya mchekeshaji aitwaye Uncle Rhabdo, jina lililokatwa kutoka kwa ule ugonjwa wa misuli, akiwa amefungwa kwenye mashine ya kusafishia damu. Mimi siamini kwamba mtu aliyemwona mwenzake amefungwa kwenye mashine kama ile angechora kichekesho.

Basi nimeyapima mambo hayo mawili, nikaona hayapingani na ninachosema. Bruda Colm hakuwa na cheti siku ya kwanza, lakini alikuwa na vitu ambavyo cheti kizuri kinapaswa kuvipima: alitazama, aliuliza waliomtangulia, alikaa miaka mingi na vijana wale wale, na hakuwa na haraka nao. Watu wa namna hiyo ni wachache. Hatuwezi kuendesha nchi nzima kwa kutumaini kwamba kila shule itaokota Bruda Colm wake. Madereva wazuri walikuwapo kabla ya leseni kuwapo, lakini hakuna anayetaka leseni zifutwe kwa sababu hiyo. Cheti hakimfanyi mtu kuwa mkufunzi bora. Kinatuhakikishia tu kwamba hayuko chini ya kiwango fulani, na kwamba akikosea kuna mahali pa kumshtaki na jina lake kuondolewa orodhani. Mwenye kifua kikubwa anaondolewa orodha ipi?

Huko nje wameanza kuliona hilo. Hata Marekani mtu anaweza kujiita mkufunzi wa mazoezi bila leseni ya serikali, lakini vyama vyao vimeweka viwango. Chama cha N.S.C.A., kilichoanzishwa mwaka 1978, hutoa cheti cha wakufunzi wa nguvu ambacho humtaka mtu awe na digrii, afaulu mtihani, na awe amefunzwa jinsi ya kuufufua moyo uliosimama. Hapa Kenya hatuanzi na mikono mitupu. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilianzisha Chuo cha Michezo cha Kenya. Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha elimu ya viungo. Msalaba Mwekundu na St. John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza. Kinachokosekana ni wa kuunganisha.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne, tena yasiyohitaji harambee. Kwanza, kaunti isimpe mtu kibali cha kufungua jimu bila cheti cha huduma ya kwanza cha yule atakayesimamia watu humo. Kama mpishi hudaiwa cheti, na mkufunzi adaiwe. Pili, kila shule impeleke angalau mwalimu mmoja wa michezo na nahodha mmoja kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya msimu wa mashindano, na asiyefunzwa asiongoze mazoezi peke yake. Tatu, tukirudi kutoka likizo, wiki mbili za kwanza ziwe za kuuzoeza mwili, na kabla ya hapo kila mchezaji aulizwe kwa faragha kama ana pumu, selimundu au ugonjwa wa moyo. Nne, zoezi lisitumiwe tena kama adhabu. Mchelewaji na afagie, amwagilie maua, apange vitabu maktabani, maana kazi hizo zipo tele. Uwanja tuachieni uwe mahali pa furaha.

Nanyi wanafunzi wenzangu, msingoje kaunti. Siku hizi ukifungua simu utaona mtu amevua shati anakuamuru upige presapu mia tano kabla ya kiamshakinywa, na wengine wetu tunamtii kama mzazi. Kabla hujamtii yeyote, wa simuni au wa mtaani, mwulize maswali matatu kwa heshima. Mwalimu, nikianza leo, nitaongeza kiasi gani wiki ijayo? Mtu akianguka hapa, utafanya nini kwanza? Na siku ya kupumzika ni ipi? Anayejua atafurahi kuulizwa. Asiyejua atakukunjia mkono akuonyeshe msuli.

Wazee walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Mwenzetu akikuambia mkojo wake umekuwa mweusi, usimcheke, usimwambie awe mwanamume. Mnyweshe maji, mshike mkono, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Ni mimi mwanachama wenu,
Kidato cha Tatu.